Filimbi Isiyovuta Pumzi

Fundi Mwinjuma alishuka kwenye basi la Matombo saa kumi jioni, mkoba wa vifaa begani, akijua ana kazi ya nusu saa tu. Padri Silvano wa misheni ya juu alikuwa amemtumia ujumbe kwamba gramafoni yake ina kasoro. Mwinjuma alidhani ni sindano. Alikuwa nazo mbili mpya ndani ya kiberiti. Angebadilisha moja, angelala kwa shemeji yake huko bondeni, na asubuhi angerudi Morogoro kufungua duka lake la kutengeneza redio.

Ilikuwa masika ya mwaka 1975. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka mpaka kwenye migomba. Njia ya misheni ilikatiza kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili, udongo wa kuta bado mbichi. Watu walikuwa barazani. Aliwaamkia, wakaitikia vizuri. Lakini alipotaja anakokwenda, wakatazamana.

"Unakwenda kumfungulia yule aliyefungiwa kwenye kasha?" mzee mmoja akamuuliza.

"Yupi, mzee?"

"Anayelia kila jioni."

Mwinjuma akajikaza asicheke. Miaka kumi na sita alikuwa akifungua maredio ya watu, na hakuwahi kumkuta mtu ndani.

Mlangoni kwa Padri alipokewa na Paskalia, mpishi wa misheni, mama wa makamo mwenye kitenge kilichofifia. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba. Mwinjuma alitoa shikamoo mara mbili ndipo mama akatoa pamba ya upande mmoja.

"Marahaba, fundi. Sikiliza. Ukishaitengeneza, usiiwashe."

"Sasa nitajuaje kama imepona, mama?"

Alirudisha pamba sikioni, akaenda jikoni.

Padri Silvano alikuwa ameketi karibu na dirisha. Mwinjuma alishtuka kumwona. Huyu ndiye aliyekuwa akipanda milima ya Uluguru bila kupumzika, vijana wakimfuata nyuma wakitweta. Sasa mabega yalikuwa yamechomoza kama vining'inizio vya nguo, na midomo ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Kifua tu," alisema. "Baridi ya masika. Karibu, karibu."

Alimwonyesha santuri. Ilikuwa imetoka kwao Italia mwezi uliopita. Ndani yake, alieleza kwa furaha huku pumzi zikimkatika, kulikuwa na muziki wa miaka mia tatu iliyopita, na waliourekodi walikuwa wamekataa vyombo vya siku hizi. Kila chombo kilikuwa kimechongwa kwa mfano wa vile vya zamani. Filimbi ilikuwa ya mti, ya kupulizwa kwa mbele. Kinanda kilikuwa cha nyuzi za kudonolewa. Aliyeichonga filimbi alikuwa rafiki yake tangu shule.

"Raha ya santuri za namna hii, fundi, ni kwamba unamsikia mtu mwenyewe. Vidole vinavyogonga matundu. Pumzi anayoivuta kabla hajapuliza. Katika hii, pumzi haisikiki. Nadhani mashine inaimeza. Nitafutie hiyo pumzi."

Mwinjuma alifungua mashine. Sindano ilikuwa nzima. Spika nzima. Nyaya za betri zimekaza. Akabadilisha sindano hata hivyo, akaiweka taratibu juu ya santuri.

Kinanda kilianza, kikimwagika kama punje za mtama kwenye ungo. Kisha filimbi ikaingia.

Ilikuwa nzuri. Mwinjuma hakuwa mtu wa muziki wa kizungu, lakini ile sauti ilikuwa laini na nene, karibu sana, kana kwamba mtu amesimama nyuma ya kiti. Ilipanda, ikashuka, ikazunguka. Akasubiri ikatike ili asikie pumzi inayovutwa. Ikaendelea. Akasubiri. Ikaendelea tu...

Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kupuliza muda mrefu hivyo, akawaza.

Ndipo alipohisi masikio yanavuma na kifua kinawaka moto.

Yeye mwenyewe alikuwa hapumui.

Alitaka kuvuta hewa, mbavu zikagoma. Alijirusha mbele, akaipiga sindano kwa kiganja. Muziki ukakatika, na hewa ikaingia kifuani kwa kishindo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Umeona?" Padri alinong'ona. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Hata wewe haikukupa pumzi. Mara moja tena. Ukisikiliza mpaka mwisho, nadhani inatoa..."

"Padri, usiguse!"

Lakini mkono mwembamba ulikuwa umekwisha kuirudisha sindano.

Mwinjuma hakubishana. Aling'oa waya wa betri. Sahani ikazunguka polepole, kinanda kikalegea, kikafa. Santuri ikasimama kabisa.

Filimbi haikusimama.

Sasa ilikuwa inatoka nje. Dirishani. Huko juu, ndani ya ukungu, upande wa mlima.

Padri aliteleza kutoka kwenye kiti, akaanguka. Mdomo wake ulikuwa wazi, lakini hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Mwinjuma naye alikuwa amepiga magoti, koo limefunga. Alimwona Paskalia akiingia mbio, akimtazama Padri, akilitazama dirisha. Mama yule alizing'oa pamba zote mbili, akazitupa chini. Akatoa kichwa nje, akaanza kupiga kelele kwa Kiluguru.

Alikuwa anagomba. Alikuwa anagomba na kulia kwa pamoja. Mwinjuma, aliyekuwa Mluguru wa mjini, alishika nusu tu: ni mimi, mtoto wenu... tumehamishwa, tuko hapa chini... sikuwaaga... mwacheni, huyu ni mgeni wangu.

Filimbi ilikatika katikati ya wimbo.

Padri akavuta hewa kwa mlio wa mtu aliyetolewa majini.

"Lete hiyo santuri," Paskalia alisema. "Bado kuna mwanga. Twende."

Walimlaza Padri kitandani, wakapanda mlima. Njiani Paskalia alizungumza bila kugeuka nyuma.

"Mwaka jana, kabla magari ya operesheni ya vijiji hayajatuhamisha, Padri alikuwa anatafuta mti mgumu wa kumpelekea rafiki yake. Mimi ndiye niliyemwonyesha mpingo wa makaburini kwetu."

"Wa ukoo?"

"Wa mama zangu. Tunapohama tunakwenda kwa waliolala pale, tunasema nao, tunawaambia tunakokwenda. Safari ile tulipewa siku moja. Watu walipakia kuku na vyungu. Hakuna aliyekwenda kuaga." Akakaza mwendo. "Nikajiambia, mti unabaki peke yake, wa nini tena? Padri akaukata. Nikamshikia kamba."

Mahame ya kijiji chao cha zamani yalikuwa kimya. Nyumba zimeezuliwa, kuta zimelowa, migomba imezaa na hakuna wa kukata ndizi. Harufu ya majivu ya zamani na majani yaliyooza. Nyuma ya nyumba ya mwisho, miti ilifungana, na katikati yake kulikuwa na kisiki cheusi.

Mwinjuma alisimama hatua tano kutoka pale. Hakuweza kuongeza hata moja.

Kisiki kilikuwa kinavuta pumzi.

Hhhh... Kikanyamaza. Hhhh... Kilikuwa kinavuta tu, hakitoi. Kila kilipovuta, ukungu uliokuwa chini ulijikokota kukielekea, na majani makavu yakasogea nao.

"Tuivunje santuri?" alinong'ona.

"Usithubutu. Nipe ikiwa nzima."

Paskalia alivua ndala, akaenda. Aliilaza santuri juu ya kisiki kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Akapiga magoti kwenye matope, akaongea kwa sauti ndogo sana, muda mrefu sana. Mwinjuma alisikia majina ya wanawake, moja baada ya jingine. Alisikia jina la kijiji kipya, na jinsi ya kufika: ukishapita mto, nyumba ya sita, mkono wa kushoto.

Kisha hakusikia kitu. Hata kisiki hakikusikika.

Walirudi wakishikana mikono, kwa sababu ya giza, na si kwa sababu ya giza tu.

Padri walimkuta ameketi kitandani, midomo imeanza kurudi rangi yake. Paskalia alimpa uji, akamweleza yote bila kuficha, na kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha mti. Padri alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama alipomaliza, mzee yule wa kizungu alimwomba msamaha, naye Paskalia akamwomba msamaha.

Mwinjuma ndiye aliyeuliza.

"Padri, yule aliyepuliza ile filimbi. Yuko wapi?"

Padri aliweka bakuli la uji chini.

"Alifariki wiki ileile waliyomaliza kurekodi. Daktari alisema ni mapafu."

"Na santuri kama ile zilitengenezwa ngapi?"

"Elfu mbili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Barua ya mwisho inasema zimenunuliwa zote. Wanachapa nyingine."

Nje ukungu ulikuwa umeegemea kwenye kioo cha dirisha. Padri alivuta karatasi na kalamu, akaandika mstari mmoja wa barua, akakwama, akaitazama kalamu.

"Na huko kwenu, Padri," Paskalia aliuliza taratibu, "ni nani atakayewasemesha mama zangu Kiluguru?"