Kitufe cha Puuza

Yote yalianza na dirisha. Milimita aliliweka saa tatu asubuhi, upana mita moja na nusu, kwenye ukuta wa chumba cha nyuma cha ramani aliyokuwa akichora. Akaenda kumimina chai. Aliporudi dirisha halikuwepo. Katikati ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kisanduku chekundu: Chumba hiki hakina dirisha. Chini yake vitufe viwili, Rekebisha na Puuza.

"Nani kagusa mashine yangu?"

Mama Mhandisi, mwenye ofisi, hakuinua kichwa. "Humu tuko wawili. Mimi sijakugusa wewe wala mashine yako."

Kwa miaka kumi na moja Milimita alikuwa akichora ramani za nyumba za watu. Jina walimpa mafundi, siku alipomlazimisha mwashi kubomoa ukuta uliokwenda upande kwa unene wa kucha. Aliweka dirisha upya, akabonyeza Hifadhi, akalikodolea macho. Lilikaa. Alipopepesa, ukuta ulikuwa mtupu.

Ramani yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa. Msingi ulishachimbwa, mafundi walikuwa wakisubiri karatasi za kuta na madirisha. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yao.

"Bosi, unasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Mkaa."

Mama Mhandisi alinusa. "Nasikia manukato yako tu, na hayo yanatosha."

Milimita hakucheka. Mkaa ule aliujua.

Miaka minne nyuma alichora nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kiwanja kilikuwa chembamba, ikabidi aigeuze ramani, vya kulia viende kushoto. Chumba cha mama wa mwalimu kikaangukia ukuta wa jirani. Dirisha halikuwa na pa kutazama, akalifuta, akikusudia kulihamishia uani. Programu ikamwonya kwa kisanduku chekundu. Ilikuwa saa saba kasoro, njaa inauma. Alibonyeza Puuza ili kisanduku kimpishe, akaenda kula, na aliporudi akashika kazi nyingine. Nyumba ikajengwa ilivyochorwa. Msimu wa baridi mwalimu alimwekea mama yake jiko la mkaa chumbani apate joto. Asubuhi bibi hakuamka.

Watu walisema ni jiko. Mwalimu mwenyewe alisema ni jiko. Milimita alikwenda msibani, akampa mwalimu mkono, akala. Kesho yake aliwahi ofisini kabla ya Mama Mhandisi, akafungua faili lile, akachora dirisha upande wa uani, akarudisha tarehe nyuma. Atakayekuja kuuliza aambiwe mafundi walisahau. Hakuja mtu.

Naye hakuwa na desturi ya kuanza ramani kwenye ukurasa mweupe. Alikuwa akifungua faili la zamani, akalinakili, akasogeza kuta. La mwalimu lilikuwa limepangika vizuri, akalinakili mara nyingi. La dada yake lilitoka humo humo.

Siku ya pili alizifungua zote. Nyumba kumi na moja zilizozaliwa na faili lile, kumi na moja zikamtolea kisanduku chekundu.

Siku ya tatu dada yake alikuja kuona nyumba yake. Alivuta kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Nitembeze, mdogo wangu. Nataka kuingia kwa mlango wa mbele kama mwenye nyumba, siyo kwa dirisha kama mwizi."

Programu ile ilimruhusu mtu kutembea ndani ya nyumba isiyojengwa bado, kwa kubonyeza vitufe vya mishale. Wakaingia sebuleni. Dada akasifu. Wakapita jikoni. Dada akataka sinki lisogezwe.

"Sasa chumba cha Mama."

"Hicho bado sijakimaliza."

"Nionyeshe hivyo hivyo."

Milimita aliondoa kidole kwenye kitufe, lakini ukumbi wa kwenye kioo uliendelea kuja mbele, polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, mpaka mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe na wakajikuta ndani ya chumba cha kuta nne zilizoziba, chenye rangi ya majivu, na sakafuni, akiwapa mgongo, amekaa mmoja wa wale watu wa kijivu ambao wachoraji huwaweka kuonyesha urefu wa milango, ila wale husimama siku zote na huyu alikuwa amejikunja kama anayeota moto, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Huyo ndiye Mama?" dada aliuliza, akitabasamu bado.

"Ni sanamu. Ya kipimo."

"Mbona anakohoa?"

Kompyuta ile haikuwa na spika. Kikohozi kilikuwa kikavu, cha mtu anayejizuia asiamshe watoto. Harufu ya mkaa ikajaa meza nzima. Mtu wa kijivu akaanza kugeuza shingo, na Milimita akachomoa waya ukutani.

Dada alikuwa amesimama, mkoba kaukumbatia. Alinong'ona, "Umefanya nini wewe?"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Nimekubeba mgongoni, nakujua. Ukiwa na kosa unashika sikio."

Alikuwa amelishika.

Dada akampeleka kwa tabibu anayesifika kwa mambo ya majini, mzee mwenye miwani aliyeishi nyuma ya duka la vioo. Tabibu hakuwasha kitu wala hakupiga kelele. Aliwasikiliza, kisha akasema, "Dada, tupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa, Milimita alieleza yote, macho yakiwa sakafuni. Alipofika kwenye tarehe aliyoirudisha nyuma, alishika sikio.

"Bibi wa watu kaenda zake," tabibu alisema. "Aliyebaki ni jini. Hawa hupenda mahali pasipoingia mwanga wala hewa, na wewe ukamchorea. Halafu ukamfungia humo na siri yako, akaishika kama hati ya nyumba. Kikohozi kaazima tu."

"Mtoe, mzee wangu. Mama yangu atalala mle."

"Simtoi mimi. Nenda kwa yule mwalimu, umwambie kidole kilichobonyeza ni cha nani. Usipunguze, usiongeze."

Mwalimu alikuwa barazani kwake akisahihisha madaftari. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha Milimita kwa jina la kazi yake, "Karibu, mchoraji," akamsogezea kiti.

"Mwalimu, chumba cha mama kilitakiwa kuwa na dirisha."

Kalamu ilisimama.

"Kwenye ramani ya kwanza lilikuwepo. Tulipoigeuza..." Alitazama mikono yake. Alikuja na sentensi nzima kinywani, ameirudia njia nzima. Iliyotoka ilikuwa nyingine. "Mashine ililifuta. Programu ilikosea. Mimi sikuona."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kisha akavua miwani na kulia bila sauti, kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema. "Miaka mitatu nikinawa mikono nanusa mkaa. Najiambia, mama yangu nimemuua kwa jiko langu mwenyewe." Alijifuta kwa kiganja. "Ahsante kwa kuja. Mwingine angenyamaza."

Akamletea maji. Milimita aliyanywa yote, huku masikio yakiwaka moto, na akaaga bila kumtazama usoni.

Asubuhi yake aliweka dirisha kwenye chumba cha nyuma. Likakaa. Alikwenda kumimina chai, akarudi, lipo. Alifungua zile ramani nyingine kumi, hakuna kisanduku. Harufu hakuna.

"Tabibu kaweza," alimwambia dada yake kwenye simu.

"Ulimwambia mwalimu yote?"

"Nilimwambia."

Alishukuru kwamba simu haionyeshi masikio.

Nyumba ilikwisha baada ya miezi mitano. Siku mama yao alipohamia, Milimita alikwenda mapema, akapima dirisha kwa utepe, akalifungua na kulifunga mara sita. Mita moja na nusu. Upepo uliingia, pazia likacheza. Dada alikuwa jikoni akigombana na sinki. Mama alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Umependa, Mama?"

"Chumba kizuri, mwanangu. Hewa ipo." Alisogea kidogo kuelekea ukutani, kama anayempa mtu nafasi. "Ila hukuniambia kama tuko wawili."

Pazia lilikuwa limesimama. Milimita aligeukia dirisha, na penye kioo palikuwa na plasta, imekauka, imepakwa rangi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na tundu, na mlango aliouacha wazi ulikuwa umefungwa, na harufu ya mkaa ilikuwa inapanda kutoka sakafuni, na nyuma ya mama yake mtu alikohoa kikohozi kikavu cha kujizuia.

"Nani, Mama?" alinong'ona. "Uko na nani?"

"Simfahamu. Anakujua wewe." Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza, akakunja uso kama mtu asiyeelewa alichotumwa kukisema.

"Anauliza, hivi mashine ina kidole?"