Jina la Severa Kwenye Karatasi ya Maandazi

Jovitha alifungua maabara yake kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alifagia, akachemsha vifaa, akavaa koti jeupe. Foleni ilikuwa tayari mlangoni.

Miaka ishirini alipima damu katika hospitali ya serikali. Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kutoa huduma za afya, yeye na mumewe Theophil walipanga chumba kimoja Kariakoo, karibu na Msimbazi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na hawakuwahi kupumzika hata Jumapili moja. Jioni miguu ilimvimba, viatu vikagoma kutoka.

Kwa uchovu huo, mengine yaliachwa yajiendee. Nakala za majibu ya wagonjwa zilijaa kwenye maboksi mpaka njia ikaziba. Theophil, ambaye ndiye aliyeandikisha wagonjwa, akaziuza kwa kilo kwa mnunuzi wa karatasi kuukuu. Jovitha aliona chumba kina nafasi, akashukuru. Hakuuliza zimekwenda wapi.

Alhamisi moja mchana aliingia Severa, mkaanga samaki wa soko la Feri. Hakusalimia. Aliweka mezani karatasi yenye madoa ya mafuta. Ilikuwa na jina lake, tarehe, na neno kaswende. Mwenzake wa sokoni alikuwa amenunua maandazi yaliyofungwa humo, akaisoma kwa sauti mbele ya wote.

"Nilitibiwa, nikapona, sikumwambia mtu," alisema. "Leo jina langu limefungia maandazi."

Akatoka bila kungoja jibu.

Theophil alishauri wakae kimya. Wakiulizwa, waseme karatasi ziliibwa, la sivyo wateja watakimbia. Jovitha hakuwa na nguvu za kubishana. Alikwenda duka la jirani kwa Madhuben, muuza madaftari, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pratik. Kabla ya kufungua duka, mama huyo alikuwa mtunza mafaili ya wagonjwa hospitalini kwa miaka mingi. Alimsikiliza Jovitha mpaka mwisho, kisha akafuatana naye maabara ili Theophil naye asikie.

"Baba Robert, mkinyamaza wateja watajua tu," alimwambia Theophil. "Watajua kutoka kwa muuza maandazi, na baada ya hapo hata mkisema kweli hawatawaamini. Kwanza zibeni tundu. Mfuateni huyo mnunuzi leo hii, mchukue kilichobaki. Halafu fungueni rejista, mjue ni za nani zilizotoka. Kisha mwendeeni kila mmoja, kwa siri. Msimwachie ujumbe jirani wala mtoto."

Theophil akauliza wakifika waseme nini.

"Semeni kilichotoka, mlichofanya, na yeye afanye nini. Msipunguze. Na Severa mumuulize anataka nini. Msimwamulie."

Kwa mnunuzi walikuta boksi moja tu. La pili lilikuwa limeshakwisha mitaani. Walipolinganisha lile lililobaki na rejista, wakapata watu hamsini na wawili ambao majibu yao yalikuwa yametoka.

Wiki mbili, kila alasiri, Jovitha alitembea nyumba kwa nyumba. Wapo waliomtukana. Mmoja alimfungia mlango. Kasmir, mpakuaji mizigo bandarini, alimkaribisha ndani. Kisha akamwomba abaki naye mpaka mkewe arudi, ili yeye mume amwambie mwenyewe kabla mtaa haujamwambia. Jovitha akabaki. Siku hiyo alirudi nyumbani akashindwa hata kula.

Severa alitaka kitu kimoja: Jovitha aje Feri. Akaenda, akasimama katikati ya moshi na makarai ya mafuta, mbele ya wakaanga samaki wote.

"Karatasi ile ilikuwa juu yangu kuitunza, nikashindwa," alisema. "Ugonjwa uliotibiwa hauna aibu. Aibu ni yangu."

Severa aligeuza samaki wake, akamsogezea kigoda.

Tangu hapo, majibu yaliandikwa namba badala ya jina. Majina yalibaki kwenye rejista moja tu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Nakala zilizopitwa na muda zilichomwa, na Theophil alisimama hapo mpaka zikawa majivu. Waliandika pia nani atafanya nini siri ikitoka tena: nani azibe, nani akague rejista, nani aende kuwaambia watu.

Wateja walipungua nusu. Ilikuwa miezi migumu. Mwaka uliofuata wezi walivunja dirisha, wakachukua feni na droo ya majibu. Kabla ya saa sita mchana Jovitha alijua kilichopotea: karatasi ishirini, namba tupu. Hata hivyo waliwafuata wote ishirini, wakawaambia. Hakuna hata mmoja aliyehamia maabara nyingine.

Wiki hiyohiyo alikuja mwanamke mgeni kupima. Jovitha akamuuliza nani kamwelekeza.

"Dada Severa wa Feri," alijibu. "Kasema hapa waliwahi kukosea, na hawakujificha."

Jovitha alivuta kiti, akakaa kidogo. Kisha akamwandikia namba yake, akamwomba akunje mkono wa gauni.