Sanduku Lililomwita Mianda

Sauti ya nne hakuitengeneza Kazadi.

Alikuwa fundi umeme wa mgodini, akikaa mtaa wa Kasulo na mkewe Mianda, mwenye mimba ya miezi saba. Mwaka ule wa 1974 siku zake za mapumziko ziliishia mezani, akilehemu transista na nyaya ndani ya sanduku la mbao. Alilitia sauti tatu: king'ora, ndege aimbaye, mvua. Majirani walikuja kusikia mvua ikinyesha katikati ya kiangazi, wakacheka mpaka machozi. Vifaa vyote alivinunua isipokuwa spika. Hiyo aliiokota katika nyumba iliyohamwa, kando ya shimo la zamani la mgodi lililojaa maji.

Jumatatu mchana, Mianda akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, sanduku lilikohoa.

Jioni alimuuliza mumewe, "Ni weye njo ulikohoa mu nyumba?"

"Mi nilikuwa ku kazi, mama."

Kazadi akachomoa betri. Lakini usiku na mchana nyumba ilinuka udongo uliolowa, na Mianda akawa hatulii, anageukageuka kama anayeitwa.

Alhamisi, aliporudi kutoka kazini, Kazadi alikuta mlango wazi, mchi umelala chini, na kutoka upande wa shimo akasikia sauti yake mwenyewe ikiita polepole, "Mianda, kuya, mama, kuya unisaidie," akatupa baiskeli akakimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo sauti ile ilivyozidi kubembeleza, mpaka akamwona mkewe ukingoni, mguu mmoja tayari majini.

"Mianda! Mi niko huku!"

"Mi niko huku," maji yakajibu.

Mianda akatazama nyuma, akatazama chini, asijue yupi mumewe. Kazadi akafunga kinywa. Alimfikia bila neno, akamkumbatia kwa nguvu, akamvuta.

Walikuwa Wakristo, lakini jioni ileile walimwita jirani yao Mwislamu, Tata Musafiri, muuza vitenge aliyejua kusoma dua za kufukuza mashetani. Alifukiza ubani, akagusa spika, akaondoa mkono haraka.

"Hii kitu ilikuwa na mwenyewe," alisema. "Anaitafuta."

Alisoma mpaka jasho likamtiririka. Sanduku, bila betri, likalia king'ora, ndege na mvua kwa pamoja, kisha likanyamaza. Kazadi akalivunja kwa nyundo, akaenda kulitupa shimoni. Aliporudi, Mianda aliwamiminia chai. Musafiri akauma mkate.

"Tata Kazadi," sauti ya Musafiri ikaita kutoka chumba cha kulala. "Kuya huku, tata."

Musafiri alikuwa mbele yao, mkate bado mdomoni. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Beba bibi yako," akanong'ona. "Tutoke."

Mianda alimtazama midomo kwanza, ndipo akasimama.