Waya Uliomenywa kwa Meno

Fundi umeme huyu mtaa mzima ulimwita Meno, na si kwa uzuri wa meno yake, maana mbele alikuwa na pengo la kupitisha kidole. Plaizi alikuwa nazo, tena nzuri, lakini waya aliumenya kwa meno: anaung'ata, anauzungusha, anatema ganda pembeni kama mtu anayekula muwa. Mdogo wake wa kike alimkanya tangu utotoni, akasema mpaka akachoka.

Jumamosi hiyo asubuhi alikwenda kwa huyo huyo mdogo wake, amfungie shemeji soketi ya umeme mkubwa gerejini. Shemeji alikuwa seremala, na mashine yake mpya ya kuranda mbao soketi za kawaida zisingeiweza. Nyumba walikuwa wamehamia juzi juzi tu. Mdogo mtu, mimba imeshachomoza, hakutaka hata kuiona. Alisema ukuta wa gereji unanuka, chakula hakikai tumboni. Alitaka akajifungulie kwingine, popote pale, na mumewe alikuwa amemjibu kwamba mashine ikishawaka hapo, hakuna cha kuhama.

"Kaka, mwambie umeme haufai," alimnong'oneza mlangoni. "Sema chochote."

"Hiyo ni mimba," Meno akacheka. "Ukishajifungua, hata mavi ya mtoto utayaona yananukia."

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta nyaya nene kutoka swichi kuu barazani mpaka gerejini. Ilitakiwa kuchimba ukuta na kulaza paipu mpya. Lakini Meno aliona mdomo wa paipu ya zamani ukutani gerejini, na mdomo wake wa pili uko barazani, karibu kabisa na swichi. Uvivu ukamshika. Ya nini kujitia vumbi? Akazima umeme, akachukua springi, ule waya mgumu wa kuvutia nyaya, akaanza kuisukuma ndani.

Katikati ya ukuta ikagota kwenye kitu laini. Akasukuma. Kikabonyea, kisha kikaachia.

"Imetoka huku," shemeji aliita kutoka barazani. "Lakini mbona imelowa?"

Shemeji akafunga nyaya kwenye springi huko barazani, Meno akavuta kutoka gerejini. Kwa kawaida mafundi hupaka sabuni ili nyaya ziteleze. Hizi ziliteleza bila sabuni. Zilitokea gerejini zimepakwa utelezi wa kijivu, mzito kama makamasi, na wa vuguvugu. Harufu ikajaa, harufu ya kinywa cha mgonjwa kisichosafishwa siku nyingi. Shemeji alikuja, akaziba pua, akasema panya kafia humo. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

Kinyaa kilimpanda Meno. Alitamani kuacha, lakini angemwambia nini mdogo wake, baada ya kumcheka? Akapangusa nyaya kwa tambara, akachuchumaa, aunge haraka aondoke. Mkono ukafanya ulichozoea. Ncha ya waya ikaingia mdomoni.

Chumvi. Mafuta. Uvuguvugu wa nyama.

Kitu chembamba kikateleza chini ya ulimi. Akatema, hakikutoka. Akatia vidole, akashika unywele, akauvuta. Ukaja. Mrefu, wa mvi, umelowa. Akazidi kuvuta, na fizi ya nyuma ikamuuma kwa ndani.

Nyaya zikatikisika.

Akaacha. Zikatulia. Akavuta tena unywele, na nyaya zikarudi ndani ya paipu, taratibu, kama tambi zinavyofyonzwa.

"Shemeji," alinong'ona. "Uko barazani?"

"Niko nyuma yako."

Mdogo wake alikuwa mlangoni, kashika tumbo. "Tunahama," alisema, na safari hii mumewe hakumbishia.

Siku ya kuhamisha vitu, shemeji alivunja ukuta kwa nyundo ili roho yake itulie. Paipu ilikuwa kavu, nyeupe, haina panya wala unywele. Nyaya ndani yake zilikuwa zimeng'atwa urefu wote, alama za meno ya mtu, juu na chini. Shemeji akasema kwa hasira ni Meno huyo, nani mwingine? Meno akainama kuzitazama. Alama zile hazikuwa na pengo.

Sasa anamenya nyaya kwa plaizi. Tabibu wa meno aliukata ule unywele, ukaota upya kwenye fizi. Kila asubuhi Meno anaukata mwenyewe mbele ya kioo, anasugua kinywa kwa chumvi mpaka damu itoke, na bado anajichukia.

Mdogo wake alijifungua salama kwenye nyumba mpya, akanenepa, akarudi kuwa mcheshi. Meno hakwenda kumwona mtoto mpaka lawama zilipozidi. Alikaa karibu na mlango, akajibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Mdogo wake akamcheka, akampakatisha mtoto, yeye akaendelea kula. Mtoto alimkodolea macho, na Meno, masikini, akajisahau, akatabasamu.

Mdogo wake akaacha kutafuna. Akanusa. Akazitazama kuta, moja baada ya nyingine.

"Kaka," alinong'ona. "Unasikia harufu?"

Meno akafunga mdomo haraka. Lakini mtoto alikuwa ameshashika kitu chembamba, cha kijivu, na alikuwa anavuta.