Vipimo vya Marehemu

Alhamisi, tarehe kumi na moja Juni, saa tisa alasiri, umeme ulikatika kwenye duka la ushonaji aliloniachia mume wangu. Duka halina dirisha. Ndani alikuwemo Mjuaji, rafiki yake niliyemkodishia duka hilo, naye ndiye aliyenisimulia haya. Suruali anazoshona humbana kila mtu, ila mdomo wake una nafasi ya kutosha.

Mume wangu aliandika vipimo vya wateja kwenye simu yake, navyo vikajitokeza vyenyewe kwenye tableti ya dukani. Nilimsihi Mjuaji asivifute.

“Shemeji,” akacheka, “maiti hana wateja. Au unangoja akuandikie kutoka huko?”

Debe tupu haliishi kelele.

Siku hiyo aliketi gizani akifuta jina baada ya jina. Akasikia utepe wa kupimia ukivutwa polepole nyuma ya mgongo wake, kutoka kisogoni hadi visiginoni. Kisha tableti ikalia, kama ilivyolia kila mume wangu alipoandika. Lilikuwa limeingia jina jipya: Mjuaji. Hapakuwa na mabega wala kiuno. Ulikuwepo urefu tu, kama apimwavyo mtu wa kushonewa sanda.

Alinijia akitaka aione simu ya marehemu. Nikamfungulia kabati. Ilikuwa imezimwa, vile vile nilivyoiweka siku ya mazishi, ila kioo chake kilikuwa na alama za vidole, nyeupe kwa chaki ya fundi.

Ee Mola, mrehemu mume wangu, na uitulize mikono yake.