Moshi wa Jikoni

Maji ya kwenye kopo yalikuwa na moto.

Fadhiya alilishika kopo akaliachia, akalishika tena. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mwajiri wake, Bwana Ashley, alitaka pamba na vitambaa vyote vilivyotumika vilowekwe kila jioni, kwani kitambaa chenye mafuta huweza kuwaka chenyewe, na huko Marekani aliwahi kuona karakana nzima ikiteketea kwa kitambaa kimoja. Basi maji yalikuwemo, ya tangu jana, meusi, na yalikuwa na joto kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hapakuwa na jiko pale. Jua lilikuwa halijafika uani. Na harufu iliyotoka mle haikuwa ya spiriti wala ya gundi, ilikuwa ya ubani, tena si ubani uliozimika, ubani unaowaka.

Akalifunika kopo kwa kibao, akageuka kumtazama mwanawe. Ubaid, miezi mitano, alikuwa juu ya mkeka karibu na mlango, ameinua shingo, anatazama chini ya viti vilivyopangwa ukutani. Hakucheka, hakulia. Alitulia kama mtu anayesimuliwa jambo.

Fadhiya hakumwambia mtu. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza alikuwa amelifanya siku tatu kabla.

Karakana ilikuwa chini ya nyumba kongwe karibu na barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Bwana Ashley alikuwa Mwingereza, lakini ujana wake wote aliumalizia Marekani akitengeneza samani za watu, meza za marehemu na makabati ya urithi, kisha akaja Mombasa kwa wiki mbili na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Kila asubuhi alikunywa chai ya maziwa amesimama, akikizunguka kiti kama daktari anayemzunguka mgonjwa. Na alikuwa na desturi moja ambayo majirani waliicheka na kuipenda: hafuti doa kabla ya kuuliza. Duara la kikombe, alama ya kaa la moto, kucha za paka, lolote lile, atauliza kwanza ni la nani na limetokea vipi, aandike daftarini, ndipo aamue lifutwe au liachwe. Fadhiya, mwenye cheti chake cha kidato cha nne, alikuwa msaidizi wake. Alipiga msasa, alisuka kamba, na maswali mengi aliyajibu yeye, maana yeye ndiye mtoto wa mji.

Basi kikaja kiti cha kwao. Kilikuwa kiti kifupi cha msaji, cha kamba, mali ya bibi yake, Bi Mwanatumu wa Kibokoni. Kila mwanamke wa ukoo ule akijifungua hukikalia siku zake arobaini, chetezo cha ubani kikiwa chini, moshi ukipanda katikati ya kamba. Fadhiya mwenyewe alikikalia alipomzaa Ubaid, na kamba zikakatika siku ya mwisho. Bibi alikubali kipelekwe kwa Mzungu kwa sharti moja tu. "Kamba," alisema. "Huko chini msikuguse."

Bwana Ashley alikipindua juu ya meza. Mbao za chini zilikuwa na gamba jeusi, nene, linalong'aa kama lami. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Fadhiya, hili ni nini?"

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini Winnie alikuwepo na kamera yake, Winnie wa Kaloleni mwenye diploma, mpiga picha za samani zinazowekwa mtandaoni, na punde tu alikuwa akimtania kwamba nyinyi watu wa Mji wa Kale hata kijiko mwasema kina jini lake, na Fadhiya alikuwa amecheka naye, amecheka mpaka machozi, ili asidhaniwe ni mmoja wao. Sasa aanze kusema habari za chetezo na waliojifungua, na huyo anayenong'onwa kwao kwamba yuko chini ya kiti? Uso ulimchoma.

"Ni moshi wa jikoni tu," akasema, na sharti la bibi akalimeza.

Bwana Ashley akaandika. Kisha akampa pamba na spiriti, na mikono iliyofuta ilikuwa ya Fadhiya, siku mbili nzima, mpaka mbao zikatoka nyekundu kama nyama mbichi.

Siku ile ya kopo, adhuhuri, alipokuwa akimwogesha Ubaid nyumbani kwao Tudor, aliona nyayo za mtoto ni nyeusi. Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, nyayo zake zilikuwa na masizi kama aliyepita juu ya majivu. Akazisugua, zikatakata. Kesho yake, saa ile ile ya jua la utosi, masizi yakawa yamefika kwenye vifundo. Mumewe Kamaludin, fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, aliona akacheka, akasema ni grisi ya nguo zake, atafute sabuni kali zaidi. Fadhiya akaitikia kwamba ni grisi. Akaona haya kumwambia mumewe kwamba si grisi, kwa maana angeuliza ni nini basi.

Na mtoto aliacha kulia. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko masizi. Njaa haikumliza, sindano ya kliniki haikumliza, alifungua macho tu akatazama mvunguni, na utosi wake ulinuka ubani.

Siku ya tatu ya masizi alikuwa peke yake na mtoto karakanani. Bwana Ashley alikuwa amekwenda kula, Winnie alikuwa kwao Kaloleni kwenye matanga, na mtaa ulikuwa umenyamaza kwa joto. Kiti kilikuwa kando, kimeshasukwa kamba mpya, nyeupe, kizuri. Alikuwa ameinama akiokota misumari ya shaba sakafuni aliposikia kamba zinalia, kwanza moja, halafu nyingine, kama zinavyolia mtu anapokaa polepole asitake kusikika, akainua macho na hapakuwa na mtu, kamba hazikubonyea, zilivimba, zilivimba kwenda juu kana kwamba kuna mgongo unaoziinua kutoka chini, na harufu ikamjaa puani mpaka ikamkaba, akataka kumkimbilia mwanawe, na ndipo kutoka pale chini, kwa upole, kwa sauti aliyoijua kuliko sauti zote duniani kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, akasikia:

"Ni moshi wa jikoni tu."

Alimnyakua Ubaid akatoka bila viatu.

Jioni ile Kamaludin alimleta Mwalimu Jaffar wa madrasa, kwa kuwa aliogopa alipomwona mkewe amerudi bila viatu. Mwalimu akasoma, akampulizia mtoto, akampaka maji yaliyosomewa, na mtoto akalala. Wanaume walipotoka hadi ngazini, Mwalimu alirudi mara moja kama aliyesahau kitu. Akamuuliza Fadhiya kwa sauti ya chini kama kuna neno analolificha, maana huyu aliyemwingia mtoto hakuja kwa shari, amekuja kama mtu aliyedhulumiwa.

Mtoto amelala mbele yake, masizi yamemfika magotini, na Fadhiya akasema hapana, Mwalimu, hakuna neno. Hata yeye alishangaa jinsi lilivyotoka kwa wepesi.

Asubuhi masizi yalikuwa mapajani. Hayakungoja adhuhuri. Fadhiya alipanda tuktuk hadi Kibokoni akiwa amemfunika mtoto kwa leso gubigubi, akampandia bibi yake ngazi zile za giza, na Bi Mwanatumu, aliyekuwa akichambua mchicha, alimtazama mara moja tu, akaweka sinia kando.

"Mfunue."

Akamfunua. Bibi hakupiga kelele. Aliinusa mikono ya Fadhiya kama Bwana Ashley alivyokuwa akinusa mbao.

"Kile kiti kimefutwa," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Mzungu alifuta bila kuuliza?"

Fadhiya alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mzungu hayupo, na nani hangeamini? Aliona jinsi uongo ule nao ulivyokuwa tayari, umekaa ulimini, na akajichukia.

"Aliuliza. Huuliza siku zote. Aliniuliza mimi."

"Nawe ukamjibuje?"

Akafungua mdomo, haya ikamchelewesha, na kabla hajajibu, Ubaid, pale mapajani pake, akageuza kichwa taratibu kumtazama Bi Mwanatumu, akafungua kinywa chake kisicho na jino hata moja, akafungua sana, zaidi ya mtoto anayepiga miayo, na ndani ya kinywa kile chekundu ulimi haukusogea, midomo haikusogea, na sauti ya Fadhiya ikatoka humo kavu, yenye kicheko kidogo cha kujikosha mbele ya watu:

"Ni moshi wa jikoni tu."

Mchicha ulianguka kutoka kwenye sinia, jani moja.

"Basi," alisema Bi Mwanatumu. "Nimesikia." Na aliyekuwa akiambiwa hakuwa Fadhiya.

Kisha akamwambia mjukuu wake mambo ambayo nyumba ile haikuwa na desturi ya kuyasema kwa sauti. Kwamba huyo hawamtaji jina, wanamwita Jirani. Kwamba tangu zama za mama wa nyanya yake kuna ahadi, moshi ule wa chini ya kiti ni wake, watoto ni wa ukoo. Kila aliyejifungua aliongeza wake juu ya wa mwenzake, mpaka ukawa gamba.

"Umemfutia chake chote," bibi alisema. "Tena ukamwita takataka za jikoni mbele ya watu. Sasa kwa nini asichukue chetu?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Haya zako ndizo zilizomfungulia mlango. Wamuonea haya nani, mwanangu? Hao wanaokucheka watakulelea mtoto?"

Dawa aliyoitoa ilikuwa ngumu kuliko kafara. Alimpeleka Fadhiya kwa mguu hadi karakanani, mtoto kifuani, akakaa kwenye benchi na bakora yake, akamwacha aseme mwenyewe. Fadhiya akamwambia Bwana Ashley yote, kiti, arobaini, ubani, Jirani, na akayasema akiwa ameinamia viatu vya yule mzee vilivyojaa vumbi la msasa.

Bwana Ashley alikaa chini. Alivua miwani.

"Lakini nilikuuliza, Fadhiya," alisema polepole.

Angemkemea, angemfukuza kazi, ingekuwa nafuu. Alifungua daftari lake, akaitafuta ile siku, akalipiga mstari lile jibu, na juu yake akaandika lililo kweli, huku Bi Mwanatumu akimwambia namna ya kusema. Kisha akaenda mwenyewe kulileta kopo. Hakuwa amelimwaga, kwa kuwa hakumwaga kitu kabla kazi haijakabidhiwa. Maji yalikuwa yanatoa mvuke.

Walikipindua kiti, na Fadhiya akairudisha ile rangi nyeusi kwa mikono yake, tone kwa tone, mpaka pamba zikakauka. Siku saba alikikalia pale pale uani, mtoto mikononi, chetezo chini. Siku ya pili masizi yalishuka magotini. Siku ya nne vifundo vikawa safi. Siku ya saba, katikati ya adhuhuri, Ubaid alikunja uso akalia, akalia kwa hasira na kamasi kama watoto wote, na Fadhiya akalia naye, na Bwana Ashley akajifanya anatafuta patasi.

"Imekwisha?" Fadhiya aliuliza.

"Inangoja," alisema bibi yake. "Ukiulizwa tena, na yeyote yule, usimkane. Hata kwa kunyamaza."

Akaitikia. Na jioni, aliposhika mkoba aondoke, alimwomba Bwana Ashley jambo hili Winnie asilijue. Bwana Ashley akasema si lake kulisema wala kulificha, ni la mwenyewe.

Winnie alirudi Jumatatu na embe mfuko mzima. Alimbusu Ubaid shavuni, akatania kwamba amenenepa kumshinda tajiri, akatoa kamera yake akipiga picha za kazi zilizokwisha, na akafika kwenye kile kiti. Alikiinua kwa mkono mmoja, akachungulia chini.

"Fadhiya, si ulikisafisha hiki? Mbona kimerudi kuwa cheusi? Ni nini hii?"

Fadhiya alikuwa amesimama na mwanawe begani. Alijua la kusema. Alikuwa amelikariri njiani, maneno yalikuwa machache, na Winnie alikuwa rafiki yake. Lakini aliuona ule mdomo wa Winnie ulivyokaa tayari kwa kicheko, na uso ukamchoma kama siku ile, na akachelewa, pumzi moja tu.

"Ni moshi wa jikoni tu."

Winnie hakucheka. Alikuwa akimtazama Fadhiya usoni, na midomo ya Fadhiya ilikuwa imefumbwa. Macho ya Winnie yakahama polepole hadi begani, yakabaki pale. Mkono wake ukaingia ndani ya kola ya blauzi, ukatoka na uzi mweusi wenye hirizi ndogo ya ngozi, kuukuu, iliyolainika kwa kuvaliwa miaka mingi, ambayo Fadhiya hakuwahi kuiona, na akaikamata kwa vidole vyote.

"Fadhiya," alinong'ona. "Na wewe mbona hukuniambia?"

Fadhiya alikuwa ameushika mguu wa mwanawe kiganjani, nao ulikuwa na moto. Akaukamata hivyo hivyo, kwa nguvu, asithubutu kukifungua kiganja akakitazama.