Tiketi za Nusu Bei Zilimfungia Baba Yangu Nje ya Uwanja

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani hapa Pasua, Moshi. Mwaka juzi nilikuwa na mchumba, na nilikuwa na baba... Leo sina hata mmoja!

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kule Kibosho. Timu yake aliipenda tangu ujana, lakini aliijua kwa redio tu. Hakuwahi kuiona kwa macho yake. Basi iliposikika kwamba inakuja kucheza Moshi, nikamwahidi nitampeleka.

Hali ilikuwa ngumu! Wateja walipotea, watu wakawa wanaleta viraka tu. Hata hivyo nilijibana mpaka nikapata hela ya tiketi mbili za mzunguko, zile za bei ya chini kabisa. Kwa nini sikwenda dirishani nikazinunua?

Mchumba wangu, Fredi, alinizuia. Alidai ana jamaa anayetoa tiketi za jukwaa kuu kwa nusu bei.

"Mzee apigwe jua la mzunguko na mimi nipo?" aliniambia.

Nikaona huo ndio upendo wenyewe. Nikampa hela yote...

Siku ya mechi baba alishuka mjini na koti lake la kanisani, viatu vinang'aa. Njia nzima alikuwa akinitajia wachezaji. Tulipofika mlangoni, kijana mkaguzi akazigeuza tiketi zetu, akatutazama.

"Dada, hizi feki. Msogeze mzee, watu wapite."

Nyuma yetu wakaanza kuzomea. Mmoja akamwita baba tapeli! Baba yangu, ambaye hakuwahi kugusa hata ndizi ya jirani!

Dirishani tiketi zilikuwa zimekwisha. Nikampigia Fredi. Aliposikia nalia, akakata simu, na hakupatikana tena. Baadaye nilikuja kujua hapakuwa na jamaa yeyote. Tiketi alizichapisha mwenyewe, na si mimi peke yangu niliyelizwa.

Tukakaa nje ya ukuta. Ghafla uwanja ukalipuka kwa shangwe. Baba akasimama wima.

"Tumefunga sisi au wao?"

Sikujua... Nikaangua kilio. Akatoa leso, akanifuta uso.

"Nyamaza, mama. Twende nyumbani."

Hakuzitaja tena zile tiketi. Masika yaliyofuata aliugua kifua, akafariki.

Siku ya mazishi, rafiki yake mzee Aloisi alinijia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ulimfanyia baba yako jambo kubwa! Kila tulipokaa kunywa mbege alitusimulia ulivyomketisha jukwaa kuu, na lile goli alivyoliona kwa macho yake."

Kumbe baba alikuwa akinifichia aibu yangu! Ningesema nini mbele ya jeneza lake? Niliitikia tu, "Ndiyo, mzee wangu..."

Ndugu zangu, najua maisha yamebana na kila mtu anatafuta nafuu. Lakini kama mfuko wako unatosha mzunguko, kaa mzunguko! Nunua dirishani, hata kama anayekushawishi vingine ni mtu wa moyoni mwako. Mimi nilipata siku moja tu ya kumpeleka baba yangu mpirani... na siku ile hairudi.